Pampu Haijui Kilichomo Ndani ya Bomba: Namna ya Kutumia Pampu Janja Wodini

Saa tisa na nusu ya usiku, katika kumi la mwisho la Ramadhani, nilibadilisha bomba (sirinji) la noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, kwenye kitanda cha tatu. Mgonjwa alikuwa baba wa makamo, kilo 60, ameletwa kutoka chumba cha upasuaji jioni yake. Bomba lililokuwa likiisha lilikuwa na miligramu 4 ndani ya mililita 50. Nililotengeneza mimi, kwa desturi ya wodi yetu, lilikuwa na miligramu 8 ndani ya mililita 50 zile zile. Nikalipachika kwenye pampu inayosukuma dawa mshipani, nikabonyeza kitufe cha kuanza, mwendo ukabaki mililita 4.5 kwa saa kama nilivyoukuta. Hazikupita dakika kumi, presha ikapanda kutoka 118 hadi 196.

Kilicholia ni monita. Pampu ilinyamaza, kwa sababu hakuna aliyeiambia imebeba dawa gani. Ilikuwa pampu janja, yenye maktaba ya dawa na vikomo vyake, lakini kule chumba cha upasuaji iliwashwa kwa njia ya mkato: mililita kwa saa, basi. Jina la dawa halikuingizwa, wala uzito, wala nguvu ya mchanganyiko. Nilipunguza mwendo, nikamwita daktari, presha ikateremka taratibu, na yule baba akarudi kwake Changamwe kwa miguu yake. Ripoti niliiandika kabla ya adhana ya alfajiri.

Niliyojifunza tangu usiku ule nawaandikia wauguzi wenzangu wa Mombasa, hasa nyinyi ambao pampu hizi zimeingia wodini mwenu juzi juzi na mkaonyeshwa kwa nusu saa tu.

Janja yake iko wapi

Pampu ya kawaida husukuma unachoiambia. Ukiiambia 60 badala ya 6, itasukuma 60. Pampu janja ina orodha ya dawa iliyoandaliwa na hospitali yenyewe, na kila dawa ina nguvu ya mchanganyiko wake, kipimo chake, na mipaka ya chini na ya juu. Mipaka hiyo ni ya aina mbili. Kuna kikomo cha kuonya: pampu inakuuliza kama una hakika, nawe unaweza kuthibitisha ukaendelea. Na kuna kikomo cha kuzuia: hapo haiendi ng'o mpaka ubadilishe namba.

Pampu za namna hii zilianza kutumika hospitalini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hazikumaliza matatizo. Kati ya mwaka 2005 na 2009, mamlaka ya dawa ya huko, FDA, ilipokea takriban ripoti 56,000 za matukio mabaya yaliyohusiana na pampu za dripu za kila aina, na mara 87 pampu ziliitwa zirudishwe au zirekebishwe. Programu zilikuwa na hitilafu, betri zilikufa, vitufe vilikuwa vinajirudia ukibonyeza mara moja. Nayataja haya kwa sababu nimewasikia wenzangu wakisema, "Mashine imekubali, basi iko sawa." Mashine ikikubali, maana yake ni kwamba namba uliyoiweka iko ndani ya mipaka ya dawa uliyoichagua. Haijui kama ndani ya bomba mna dawa hiyo kweli. Wala haijui kama huyu ndiye mgonjwa mwenyewe, labda kama imeunganishwa na mfumo wa kusoma kodi za mkononi mwa mgonjwa. Hayo mawili ni kazi ya macho yako.

Hatua ya 1: Maktaba itengenezwe mezani, kabla ya wodini

Kama wewe ni muuguzi msimamizi, usikubali pampu zisambazwe zikiwa na maktaba iliyotoka nayo kiwandani. Kaeni pamoja: mfamasia, daktari, muuguzi anayekesha na wagonjwa usiku, na fundi wa mitambo ya hospitali. Muuguzi asiachwe nje, kwa kuwa ndiye ajuaye bomba linatengenezwaje saa nane ya usiku.

Kubwa kuliko yote mkubaliane juu ya mchanganyiko mmoja kwa kila dawa, hospitali nzima. Insulini iwe yuniti 50 ndani ya mililita 50, yaani yuniti moja kwa mililita, chumba cha dharura na ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) sawasawa. Noradrenalini mkubaliane pia inahesabiwa vipi, kwa sababu chupa nyingine huandikwa uzito wa chumvi yake, na miligramu 2 za chumvi ile ni sawa na miligramu 1 ya dawa yenyewe. Ukichanganya hesabu hizo mbili, umempa mgonjwa nusu au maradufu bila kugusa kitufe chochote.

Majina yanayofanana yaandikwe kwa herufi kubwa pale yanapotofautiana: DOPamine na DOBUTamine. Jicho lililochoka husoma mwanzo na mwisho wa neno, katikati linajaza lenyewe.

Anzeni na dawa zenye hatari kubwa: insulini, heparini, potasiamu, mofini, magnesiamu, oksitosini, na dawa zote za kupandisha presha. Vitamini zingoje.

Hatua ya 2: Soma amri ya daktari kama mtu mwenye shaka

Amri kamili ina jina la dawa, kipimo, kizio chake na muda. "Noradrenalini 5" si amri. Tano za nini? Mililita kwa saa? Mikrogramu kwa dakika? Rudi kwa daktari ukamuulize, hata kama ni profesa, hata kama amekwisha kuvaa viatu vya kwenda nyumbani. Kumuuliza mkubwa kwa adabu si kumkosea.

Angalia na maandishi. Nusu huandikwa 0.5; ikiandikwa .5 ile nukta hupotea ikasomeka 5. Tano huandikwa 5, ikiandikwa 5.0 husomeka 50. Neno "yuniti" liandikwe kamili, maana ile herufi U imewahi kusomwa kuwa sifuri mara nyingi sana katika hospitali za ulimwengu.

Hatua ya 3: Mgonjwa mpya, uzito mpya

Ukiwasha pampu, nyingi zitakuuliza kama ni mgonjwa mpya. Jibu ndiyo. Ukijibu hapana kwa haraka, pampu itabeba uzito wa aliyetoka kitandani asubuhi, na dawa zote zinazohesabiwa kwa kilo zitakwenda upande.

Mpime mgonjwa. Najua mizani ya kitanda haipo kila mahali, na mgonjwa mahututi hasimami. Kama umekadiria, andika kwenye faili kwamba umekadiria, na umpime pindi inapowezekana. Kwa watoto wachanga kuwa mwangalifu mara mbili: wodi yao hupima kwa gramu, na pampu huenda inataka kilo. Mtoto wa gramu 2,800 ni kilo 2.8. Nukta ile isiporuka mahali pake, dozi ya kichanga inakuwa ya mtoto anayekwenda madrasa.

Hatua ya 4: Chagua eneo, kisha dawa, kisha nguvu ya mchanganyiko

Maktaba hugawanywa kwa maeneo: ICU ya watu wazima, wodi ya kawaida, wazazi, watoto wachanga. Potasiamu ndio mfano mzuri. Wodi ya kawaida, kupitia kanula ya mkononi, desturi ni kutozidi milimoli 10 kwa saa. ICU, mgonjwa akiwa amefungwa monita ya moyo, daktari anaweza kuagiza hadi 20. Ukichagua eneo la ICU kwa mgonjwa aliye wodi ya kawaida, umeiondoa kinga kwa mkono wako.

Sasa shika bomba lenyewe, usome lebo yake kwa sauti, halafu usome kioo cha pampu kwa sauti. Yafanane neno kwa neno, namba kwa namba. Hapa ndipo nilipoanguka mimi. Nililisoma bomba, kioo sikukisoma. Na hata ningekisoma, kilikuwa na namba moja tu, 4.5, isiyo na jina.

Na bomba lisilo na lebo hutupwa. Usilitetee, usiseme "nakumbuka nilichotia".

Ile njia ya mkato ya mililita kwa saa ipo kwenye karibu kila pampu, na mahali pake ni maji matupu. Dawa yoyote ya hatari isipite humo. Ukimpokea mgonjwa ambaye pampu yake iko kwenye njia ya mkato, mpigie simu aliyemleta, hakikisha mchanganyiko, kisha iingize dawa kwenye maktaba kabla ya kubadilisha chochote kingine.

Hatua ya 5: Acha pampu ihesabu, nawe uhesabu

Ingiza dozi, si mwendo. Mwendo utaletwa na pampu. Lakini hesabu ya mkono uwe nayo, hata nyuma ya karatasi ya glavu. Chukua mgonjwa wangu yule: ameandikiwa mikrogramu 0.1 kwa kilo kwa dakika, ana kilo 60.

0.1 × 60 = mikrogramu 6 kwa dakika
6 × 60 = mikrogramu 360 kwa saa
Bomba lina miligramu 4, yaani mikrogramu 4,000; 4,000 ÷ 50 = 80 kwa kila mililita
360 ÷ 80 = mililita 4.5 kwa saa

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa bomba la miligramu 8: kila mililita ina 160, na mwendo sahihi ni 2.25. Mimi niliuacha 4.5. Laiti dawa ingekuwa imeingizwa kwenye maktaba, kubadilisha mchanganyiko kungeilazimisha pampu kuleta mwendo mpya, nami ningeuona ukishuka nusu.

Hatua ya 6: Jicho la pili

Jicho la pili ni mtu anayehesabu mwenyewe kuanzia kwenye amri ya daktari, bila kuambiwa jibu. Wodini kwetu mara nyingi huwa hivi:

"Dada, njoo unisainie, ni sita."
"Haya, sita." Kalamu, sahihi, kwaheri.

Hapo hakuna aliyekagua. Iwe hivi:

"Dada, naomba unikagulie insulini ya kitanda cha tano. Amri hii hapa."
"Yuniti 0.1 kwa kilo kwa saa. Uzito wake?"
"Soma kwenye faili."
"Sitini. Basi ni yuniti sita. Bomba ni hamsini kwa hamsini, nimesoma lebo. Mililita sita kwa saa. Pampu yasemaje?"
"Sita."

Haichukui dakika mbili. Na ikiwa wewe ndiye mdogo na anayetaka sahihi ni mkubwa wako, bado hesabu. Mkubwa mwenye busara atakushukuru.

Hatua ya 7: Kuunganisha

Jaza mpira wote dawa, toa hewa. Kwa insulini, pitisha mililita 20 hivi za mchanganyiko na uzimwage, kwa kuwa insulini hunata kwenye plastiki na mgonjwa angepata pungufu saa za mwanzo. Pampu ya bomba ipe mpito wa kwanza kabla hujaiunganisha na mgonjwa, mpaka uone tone likichungulia nchani. Usipofanya hivyo, kwa mwendo mdogo dawa inaweza kuchelewa sana kufika mwilini.

Iweke pampu usawa wa moyo wa mgonjwa. Ukiiinua juu ya stendi ghafla, dawa ya ziada husukumika. Ukiishusha chini, dawa hukatika kwa muda. Na usichomoe bomba kwenye pampu kabla ya kufunga kibano cha mpira, kwani likiwa juu na halikushikwa, dawa inaweza kujimwaga yote.

Kisha fuata mpira kwa vidole, kutoka kwenye bomba mpaka kwenye ngozi ya mgonjwa. Kwa vidole, nasisitiza. Mgonjwa mwenye mipira minne, kwa macho tu utakosea. Bandika jina la dawa kwenye kila mpira, karibu na mwili.

Hatua ya 8: Ikilia

"Sista, mashine yalia tena!" Jamaa wa mgonjwa huita hivyo, na mwenye huruma huinuka akabonyeza kitufe cha kunyamazisha. Waelezeni mapema, kwa upole: "Mama, ikilia niite mimi, usiiguse." Wengi hushukuru kuambiwa.

Mlio wa kuziba ndio unaohitaji akili zaidi. Mpira umekunjwa chini ya ubavu, pampu imesukuma na kusukuma, shinikizo limejaa ndani. Ukiukunjua tu, dawa yote iliyobanwa huingia kwa mkupuo mmoja. Kwa noradrenalini au mofini huo ni msiba. Simamisha pampu, funga kibano upande wa mgonjwa, legeza shinikizo kwa kufungua kiungo cha mpira na kuimwaga ile ziada nje, ndipo uondoe kizibo na kuanza upya. Kumbuka pia kuwa kwa mwendo mdogo, kama mililita 1 au 2 kwa saa, pampu huweza kuchukua dakika nyingi kabla ya kugundua kwamba kumeziba. Mgonjwa presha ikishuka na pampu iko kimya, angalia mpira.

Onyo la dozi ni jambo jingine. Pampu inapouliza "una hakika?", ondoa kidole kwenye kitufe. Soma namba upya. Ukiona unathibitisha onyo lile lile kwa dawa ile ile kila siku, basi kikomo kimewekwa vibaya. Mwambie mfamasia akirekebishe. Ukikiacha, mkono utazoea kubonyeza ndiyo, na siku ya kosa la kweli utabonyeza ndiyo.

Wodi ya wazazi, peke yake

Magnesiamu kwa mama mwenye kifafa cha mimba hutolewa kwa awamu mbili: gramu 4 kwa dakika 20, kisha gramu 1 kwa saa. Mwendo wa awamu ya kwanza ni mara kumi na mbili ya wa pili. Mtu akiitwa kuzalisha chumba cha pili akasahau kubadilisha, mama anapokea kwa saa moja alichopaswa kupokea kwa nusu siku. Kwa hiyo maktaba iwe na awamu hizo mbili ndani yake, ya kwanza ikiisha pampu ihamie ya pili yenyewe. Kama pampu yenu haiwezi, ujazo wa kusukumwa uwekwe wa gramu 4 tu, isimame. Na pampu yoyote haiwezi kupiga goti la mama kuona kama linaruka, wala kuhesabu pumzi zake na mkojo wake. Hayo ni yako, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzimua magnesiamu iliyozidi, iwe karibu na kitanda, si kabatini penye ufunguo uliokwenda nyumbani na mtu.

Stima, chumvi ya bahari na feri

Pampu ikae kwenye soketi saa zote hata isipotumika, stima ya Mombasa mwaijua. Betri ijaribiwe: fundi aichomoe iendeshwe kwa betri tu mpaka ilie, aandike imedumu muda gani. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, na miguu ya waya hushika kutu mapema kuliko bara. Ifuteni kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Dawa ya kusafishia isipulizwe moja kwa moja juu ya pampu.

Mgonjwa anayevushwa kutoka Likoni aondoke na betri iliyojaa na bomba la akiba lenye lebo. Feri ina saa zake, hata ambulensi ikipewa njia. Na zamu ya jioni ikichelewa kivukoni, msipokezane wagonjwa mlangoni kwa sababu ya haraka. Nendeni kila kitanda, nyote wawili msome kioo na lebo pamoja.

Pampu inaandika kila kitu

Kila onyo, kila kitufe, kila saa iko ndani ya kumbukumbu yake. Mara moja kwa mwezi mfamasia azivute kumbukumbu hizo, mkae nazo. Tazameni ni dawa ngapi zilipita nje ya maktaba. Namba hiyo ndiyo inayoonyesha kama kinga ipo au ni pambo. Maktaba mpya ikitumwa, fundi ahakikishe imefika kwenye kila pampu, hata ile iliyosahaulika stoo. Kosa likitokea liandikwe ndani ya hospitali, na pia lipelekwe kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo hupokea ripoti za makosa ya dawa na za vifaa vilivyoharibika. Msimamizi akianza kwa kuuliza "ni nani?", ripoti ya pili hataiona.

Ripoti yangu iliwakalisha watu wa upasuaji na wa ICU kwenye meza moja, kwa mara ya kwanza. Noradrenalini sasa ni miligramu 4 ndani ya 50 pande zote mbili. Ile ya 8 imebaki kwenye maktaba kwa jina lake, hutengenezwa kwa amri iliyoandikwa tu, na lebo yake ni nyekundu.